Msafara wa Graf von Götzen: Mzungu wa kwanza kulifikia Ziwa Kivu, na wale waliomwongoza njia

Mwezi Juni mwaka 1894, msafara uliotoka Pangani, katika pwani ya Bahari ya Hindi, uliteremka kutoka kwenye volkano za Virunga hadi ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Kiongozi wake alikuwa afisa wa jeshi la Prussia mwenye umri wa miaka 28, Graf Gustav Adolf von Götzen. Kabla yake hakuna Mzungu aliyekuwa ameandika kwamba amefika mahali hapo, na kwa sababu hiyo vitabu vingi vya Ulaya vilimtaja kuwa ndiye aliyelivumbua ziwa hilo.

Neno hilo linahitaji kupimwa. Mtu anayesimama leo katika vilima vya Nyamyumba, tarafa ya wilaya ya Rubavu iliyo kusini mwa mji wa Gisenyi, huliona ziwa likitandazwa mbele yake hadi upande wa Kongo, na siku isiyo na mawingu huuona mlima Nyiragongo nyuma ya Goma. Mwaka 1894 mandhari hayo yalikuwa na wenyewe. Kulikuwa na wakulima waliolima hadi karibu na maji, wavuvi, wafanyabiashara waliovuka kwa mitumbwi, watoza kodi, na mfalme aliyepeleka majeshi yake hadi ng'ambo. Götzen hakufika mahali pasipojulikana. Alifika mahali ambapo yeye na wale waliomtuma hawakuwa wanapajua.

Katika Kiswahili neno kuvumbua hutumika kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: kupata kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na kuwapelekea watu wa kwenu habari za kitu ambacho wengine wamekaa nacho karne nyingi. Historia ya safari za Wahispania katika bara la Amerika imejaa maana hii ya pili. Vasco Núñez de Balboa, anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuiona Bahari ya Pasifiki kutoka upande wa Amerika, tarehe 25 Septemba 1513, alikuwa ameambiwa habari za bahari hiyo na mtoto wa Comagre, mtawala wa wenyeji wa Panama. Wenyeji ndio waliompitisha msituni. Hata hivyo, alipoingia majini aliitangaza bahari yote pamoja na pwani zake kuwa mali ya wafalme wa Hispania. Miaka 381 ikapita, na jambo lenye sura kama hiyo likafika katika ziwa la Kivu, ingawa safari hii tangazo lilikuwa limeandikwa kabla ya msafiri kuondoka kwao.

Ziwa lililokuwa na wenyewe

Eneo la Gisenyi na Nyamyumba lilijulikana kwa jina la Bugoyi, na lilikuwa njia panda ya biashara. Kutoka misitu ya magharibi mwa ziwa zilikuja bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo, ziitwazo butega. Zilivaliwa miguuni, lakini pia zilihesabiwa kama fedha: mtu aliweza kukusanya butega za kutosha, akazipeleka sokoni na kurudi na mbuzi au chakula. Tumbaku ya Bugoyi nayo ilikuwa na sifa yake. Mitumbwi ilipita baina ya ufukwe huu, kisiwa cha Idjwi na nchi za Wahavu, na pamoja na bidhaa zilipita ndoa, ugomvi na habari.

Ufalme wa Rwanda wakati huo ulikuwa chini ya Mwami Kigeri IV Rwabugiri. Alikuwa mpiganaji ambaye hakukaa makao mamoja. Alihama kutoka ikulu hadi ikulu, na kila alipohamia ndipo nchi iliposikia uzito wa mkono wake. Ziwa Kivu kwake lilikuwa barabara ya vita. Majeshi yake yalivuka kwa mitumbwi yakaishambulia Idjwi, na mfalme wa kisiwa hicho, Kabego, aliuawa. Yalikwenda pia Bushi, kusini magharibi mwa ziwa, yakashinda na kushindwa kwa zamu. Haifai basi kumchora Rwabugiri kama mtu aliyekaa kimya akisubiri kuvamiwa. Yeye mwenyewe alikuwa akipanua mipaka, na wapo watu katika fukwe hizi ambao hofu yao ya kwanza haikuwa ya Mzungu.

Jambo jingine lililoutofautisha ufalme huo ni kwamba ulikuwa umefungwa. Misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka pwani ilikuwa imefika Tabora, Ujiji, Karagwe, Buganda na hadi Manyema, lakini Rwanda haikuiruhusu kuingia na kufanya vituo vyake. Henry Morton Stanley, ambaye hakuwa mtu wa kurudishwa kwa urahisi, aliigusa nchi hii ukingoni tu mwaka 1876, kwenye ziwa Ihema upande wa mashariki, akaenda zake. Miaka mitano kabla ya hapo, Stanley huyo huyo na David Livingstone walikuwa wamefika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika na kuthibitisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Kwa hiyo wanajiografia walijua kwamba kaskazini kuna maji yanayoteremka, lakini chanzo cha maji hayo hakikuwa kimeonwa na yeyote kati yao. Mwaka 1892 Oscar Baumann, raia wa Austria, alipita kusini mwa Rwanda kwa siku chache katika safari ya kutafuta chemchemi za mto Nile. Hakumwona mfalme, wala ziwa.

Mstari uliotangulia msafara

Hapa ndipo penye jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Götzen alipoondoka Pangani tarehe 21 Desemba 1893, nchi aliyokuwa akiiendea ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa kalamu. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya dola lake la Kongo. Katika sehemu hii mpaka huo ulikuwa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo ya nyuzi 30 mashariki inakutana na latitudo ya nyuzi 1 na dakika 20 kusini. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza nazo zilitia saini mkataba wao wa Zanzibar na Heligoland, ambao uliihesabu sehemu iliyosalia ya Rwanda kuwa ndani ya eneo la Wajerumani.

Ukiufuata mstari wa mwaka 1885 kwenye ramani ya leo, Gisenyi na Nyamyumba zinaangukia upande wa Leopold, pamoja na ziwa lote na sehemu kubwa ya magharibi mwa Rwanda. Waliouchora hawakujua kwamba unaukata ufalme. Hawakujua pia kama kuna ziwa la kukatwa. Rwabugiri kwa upande wake hakujua kwamba kuna mstari.

Götzen alikuwa kijana wa ukoo wa kikabaila kutoka Silesia. Alisoma sheria kabla ya kuingia jeshini, na mwaka 1891 alikuwa amekuja Afrika Mashariki kuwinda katika eneo la Kilimanjaro. Safari hii alifuatana na Wajerumani wenzake wawili, Georg von Prittwitz und Gaffron na daktari Hermann Kersting. Wazungu walikuwa watatu; watu wa msafara walikuwa mamia.

Misafara ya zama hizo ilikuwa mji unaotembea. Mbele alikwenda kirangozi, mwenye kujua njia na kupanga mwendo. Wanyapara walisimamia makundi yao, askari walibeba bunduki, na wapagazi walibeba kila kitu kingine: vitambaa, shanga, nyaya za shaba, mahema, risasi, dawa, vyombo vya kupimia na chakula. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu kilo 30, begani au kichwani, kwa mwendo wa saa kadhaa kila siku. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Ndicho kilichotumika kuamuru, kugombana, kuhesabu mizigo na kubembeleza wenyeji wauze ndizi. Majina ya Wazungu watatu yamebaki katika kila maandishi yahusuyo safari hii, ilhali majina ya wapagazi ni machache mno yaliyofika katika vitabu, na msomaji ana haki ya kuliona hilo kuwa pengo.

Mkono wa mfalme

Tarehe 2 Mei 1894 msafara ulifika kwenye maporomoko ya Rusumo, ukavuka Kagera na kuingia Rwanda. Sharangabo, mtoto wa Rwabugiri aliyetawala Buganza, aliupokea na kuufuata njiani. Kutoka hapo ulielekea magharibi, ukipanda na kushuka vilima visivyokwisha. Götzen alistaajabia wingi wa watu, mashamba yaliyopangwa na utii wa raia kwa watawala wao. Mwishoni mwa mwezi Mei alifika Kageyo, katika eneo la Kingogo, sehemu ambayo leo imo wilayani Ngororero. Rwabugiri alikuwa huko.

Masimulizi ambayo yangali yakisimuliwa nchini Rwanda yanasema kwamba mgeni huyo alinyosha mkono wake, akaushika mkono wa Mwami na kuutikisa, kama ilivyo desturi ya Wazungu kusalimiana. Baraza likashikwa na fadhaa. Mwili wa mfalme haukuwa mwili wa mtu mmoja tu. Ulikuwa ni nchi. Kumtikisa mfalme ni kuitikisa Rwanda, na baadhi ya waliokuwapo waliogopa kwamba ardhi itatetemeka. Wakazi wa Rubavu, waliolala nje siku kadhaa mwezi Mei mwaka 2021 huku nyumba zikipasuka kwa mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo, huenda wasiicheke hofu hiyo haraka.

Kisa cha namna hii kimo pia katika habari za Wahispania. Tarehe 8 Novemba 1519, Hernán Cortés alipokutana na Moctezuma kwenye njia ya kuingilia jiji la Tenochtitlan, alitaka kumkumbatia. Wakuu wawili waliokuwa kando ya mtawala huyo walimzuia kwa mikono yao, kumgusa haikuruhusiwa. Cortés mwenyewe aliliandika jambo hilo katika barua kwa mfalme wake. Watu wawili kutoka tamaduni zisizojuana hukutana, na kosa la kwanza linafanywa na mkono kabla ya ulimi kufunguliwa.

Ulimi nao ulikuwa na safari ndefu. Cortés alimtegemea Malintzin, mwanamke aliyetolewa kwake kama zawadi pamoja na wanawake wengine katika pwani ya Tabasco. Malintzin alijua Kinahuatl na Kimaya. Mhispania mmoja aliyewahi kuvunjikiwa na chombo, Jerónimo de Aguilar, alijua Kimaya na Kihispania. Mwanzoni kila neno la Moctezuma lilipita katika vinywa viwili kabla ya kumfikia Cortés. Katika Kageyo, daraja lilikuwa Kiswahili: neno la Mjerumani lilipaswa kuingia katika Kiswahili cha msafara, kisha kuvushwa hadi Kinyarwanda, na jibu kurudi kwa njia ile ile. Wakalimani wa namna hii hubeba madaraka makubwa wasiyopewa rasmi. Neno kama "urafiki" au "ulinzi", ambalo katika miaka iliyofuata lingeandikwa kwenye barua na kutiwa mhuri, lina maana moja kwa mwenye bendera na maana nyingine kwa mwenye ng'ombe.

Götzen hakukaa Kageyo siku nyingi. Pande zote mbili zilikuwa na wasiwasi: msafara ulikuwa na bunduki, na mfalme alikuwa na nchi nzima. Waliagana bila vita kubwa, na Wajerumani wakaelekea kaskazini magharibi, kule ambako usiku mbingu zilionekana nyekundu.

Mlima na ziwa

Wekundu huo ulikuwa wa Nyiragongo. Götzen aliamua kuupanda, na Juni 1894 akawa Mzungu wa kwanza kuandika aliyoyaona ukingoni mwa kreta yake. Njia ilikatwa kwa panga katika msitu mzito, baridi ilikuwa kali kwa watu waliozoea joto la pwani, na miamba ya juu ni ya lava kavu inayokata miguu. Alieleza shimo pana lenye kuta zilizosimama wima, na chini yake matundu yaliyotoa moshi. Kwa wenyeji mlima huo ulikuwa na maelezo yake tayari. Ni makao ya roho za wafu, na hadithi za Ryangombe na Nyiragongo zilijulikana Bugoyi nzima.

Kisha wakateremka ziwani. Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika karibu mita 480. Maji yake hutoka kusini kupitia Ruzizi na kuingia Tanganyika, kwa hiyo ni ya bonde la Kongo, si la Nile. Hapo zamani sana mkondo ulielekea kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoinuka na kuziba njia. Götzen hakuwa na uwezo wa kujua kwamba katika vilindi vyake limeyeyuka gesi nyingi ya methani na kaboni dioksidi, ile ambayo tangu miaka ya 1960 imekuwa ikivunwa katika ufukwe huu, mwanzo kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Nyamyumba. Alichokiona ni maji matamu yasiyo na mamba, visiwa, na watu waliokusanyika kumtazama.

Kutoka hapo angeweza kurudi kwa njia aliyoijia. Alichagua kwenda mbele. Msafara uliingia katika misitu ya Kongo, ambako njaa, maradhi na mvua vilidhoofisha watu kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari. Waliosalimika walifika mto Kongo, wakaufuata hadi Matadi mwishoni mwa Novemba 1894. Bara lilikuwa limevukwa kutoka bahari hadi bahari kwa muda wa miezi 11. Mwaka uliofuata Götzen alichapisha kitabu kikubwa juu ya safari hiyo, chenye ramani. Ramani hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko maneno. Sasa Berlin ilijua kwamba mpaka wa 1885 hauufuati mto wala mlima, na kwamba upande wa pili wa mstari kuna ziwa lenye thamani.

Yaliyofuata

Rwabugiri alifariki mwaka 1895, akiwa katika kampeni dhidi ya Bushi. Masimulizi yanasema alikata roho ndani ya mtumbwi, juu ya ziwa hilo hilo. Mwaka 1896 maafisa wa Dola la Kongo walipiga kambi Shangi, kusini mwa ziwa, na jeshi la Rwanda lililowaendea lilishindwa kwa bunduki. Mwezi Desemba mwaka huo mrithi wake, Rutarindwa, aliangamia katika mapinduzi ya Rucunshu, na kijana Yuhi Musinga akawekwa kwenye kiti. Kapteni Ramsay alipofika mwaka 1897 na barua ya ulinzi wa Kijerumani, alilikuta baraza lenye majeraha mabichi na lenye kuhitaji mshirika. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Kageyo.

Ujerumani na Ubelgiji ziliendelea kubishana juu ya ziwa hadi mwaka 1910, zilipokubaliana kugawana. Idjwi na ufukwe wa magharibi zikaenda Kongo. Gisenyi na Nyamyumba zikabaki Rwanda, chini ya Wajerumani. Mpaka ukapita katikati ya jamii zilizokuwa zikioana na kufanya biashara, na Gisenyi na Goma zikakua kila mmoja upande wake, umbali wa hatua chache.

Götzen hakurudi Kivu kama msafiri. Alipelekwa Washington kuwa mwambata wa kijeshi, na mwaka 1898 aliandamana na majeshi ya Marekani huko Kuba, akashuhudia Hispania ikipoteza mabaki ya himaya ambayo watu kama Balboa na Cortés waliianza. Kuanzia 1901 hadi 1906 alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya Maji Maji vilizuka chini ya utawala wake mwaka 1905, na majeshi yake yaliteketeza mashamba na maghala ya chakula. Makadirio ya vifo, vingi vikiwa vya njaa, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Alifariki mwaka 1910. Meli iliyopewa jina lake ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa na Waingereza na kuitwa Liemba.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walioko Rwanda, msafara wa 1894 una uzito wa pekee. Nchi iliyokuwa imeifungia mlango misafara ya pwani ilianza kukisikia Kiswahili kwa wingi kutoka kwa wapagazi na askari, kisha kutoka kwa makarani na wafanyabiashara waliofuata vituo vya Kijerumani, Gisenyi ikiwa kimojawapo na Kigali, iliyoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, ikiwa kikubwa zaidi. Chini ya Wabelgiji, wasemaji wake walitengewa mitaa yao mijini, na jina Mswahili likawa karibu na maana ya Mwislamu, au mgeni, hata kwa mtu aliyezaliwa hapa na kuzikiwa wazazi wake hapa. Mwezi Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Katika masoko ya mpakani hakikuhitaji kusubiri sheria. Kila asubuhi, wanawake wanaovuka kutoka Gisenyi kwenda Goma na mboga, samaki na maziwa hupatana bei kwa lugha ile ile iliyoteremka na mizigo kutoka Nyiragongo.